Unapopewa dawa mbili za kutoa maji mwilini: mwongozo kwa mgonjwa wa moyo na familia yake

Je, wewe au mtu wa familia yako anatibiwa tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi vizuri? Je, mlianza na kidonge kimoja cha kutoa maji mwilini, na sasa daktari ameongeza cha pili? Makala hii inaeleza kwa nini dawa hizi huunganishwa, jinsi ya kuzitumia kwa usalama mnapoishi kambini au kwenye makazi ya wakimbizi, na dalili zinazokutaka uende kituo cha afya bila kuchelewa.

Makala hii haichukui nafasi ya ushauri wa daktari. Usianze, usiongeze wala usiache dawa kwa sababu ya ulichosoma hapa.

Mambo manne ya kukumbuka

- Dawa ya pili huongezwa kwa sababu inafanya kazi kwenye sehemu nyingine ya figo, mahali ambapo ya kwanza haifiki.
- Zikitumiwa pamoja huwa na nguvu sana. Zinaweza kukusaidia kupumua, na zinaweza pia kukukausha maji na kuvuruga chumvi za damu.
- Kwa hiyo, anayetumia dawa mbili anahitaji kupimwa damu na kupima uzito wake mara kwa mara.
- Kamwe usijiongezee dawa ya pili kutoka duka la dawa au kwa jirani, hata kama ugonjwa wenu unafanana.

Kwa nini maji hujaa mwilini?

Kusema kwamba moyo umeshindwa kufanya kazi hakumaanishi kwamba umesimama. Maana yake ni kwamba hausukumi damu kwa nguvu inayotakiwa. Figo zikipata damu kidogo, hudhani mwili umepungukiwa maji, nazo huanza kushikilia chumvi na maji badala ya kuyatoa kwenye mkojo. Maji hayo hujikusanya miguuni, tumboni na kwenye mapafu.

Ndiyo maana mgonjwa huvimba vifundo vya miguu, viatu vikambana, tumbo likajaa, akashiba haraka. Usiku hukosa pumzi akilala chali, akalazimika kuongeza mito au kukaa kitako. Wengine huita hali hii "moyo mkubwa" au "moyo kupanuka". Wapo pia wanaodhani wamerogwa au wamelishwa sumu, wakachelewa kutafuta tiba. Ni ugonjwa, na una dawa.

Si ugonjwa wa wazee peke yao. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa tatizo hili katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda. Wastani wa umri wao ulikuwa takribani miaka 52. Chanzo kilichoongoza kilikuwa shinikizo la juu la damu, yaani presha. Vyanzo vingine ni pamoja na ugonjwa wa valvu za moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni, na udhaifu wa moyo unaowapata baadhi ya wanawake mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua.

Dawa hizi ni zipi?

Hizi ndizo utakazokutana nazo mara nyingi. Zote tatu zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

- Furosemidi. Kwenye paketi huandikwa Furosemide au Frusemide, na wengi huijua kwa jina la Lasix. Hii ndiyo dawa ya kwanza. Ukimeza kidonge, mkojo huanza kuongezeka ndani ya saa moja hivi, na kazi yake hudumu kama saa 6.
- Hidroklorothiazidi. Huandikwa Hydrochlorothiazide, au kwa kifupi HCT au HCTZ. Wengi huitumia kwa ajili ya presha. Kazi yake ni ya polepole na hudumu kwa muda mrefu kuliko furosemidi. Metolazoni hufanya kazi inayofanana nayo.
- Spironolaktoni. Huandikwa Spironolactone, na jina moja la kibiashara ni Aldactone. Hutoa maji kidogo, lakini huzuia mwili kupoteza potasiamu na huulinda moyo.

Ipo pia asetazolamidi (Acetazolamide), ambayo kwa miaka mingi imetumika kwa ugonjwa wa presha ya macho. Siku hizi hospitali nyingine huitumia kwa siku chache kumsaidia mgonjwa wa moyo aliyelazwa.

Kuwa makini: dawa moja, majina mawili

Kama ulianza tiba Kongo au Burundi, paketi yako inaweza kuwa imeandikwa kwa Kifaransa, Furosémide. Ukifika Uganda, Kenya au Tanzania ukapewa Lasix, utadhani ni dawa mpya. Ni ile ile. Ukimeza zote mbili umezidisha dozi, hujaunganisha dawa.

Vivyo hivyo, baadhi ya vidonge vya presha vina dawa mbili ndani ya kimoja. Kwa mfano, kuna losartani iliyochanganywa na hidroklorothiazidi. Mtu anaweza kuwa tayari anatumia dawa ya kutoa maji bila kujua. Kila unapokwenda kliniki, beba paketi zote ulizo nazo, hata zilizoisha, uzionyeshe.

Kwa nini dawa moja isitoshe?

Figo zetu huchuja takribani lita 180 za majimaji kila siku, lakini tunakojoa lita moja na nusu au mbili tu. Yaliyobaki hurudishwa kwenye damu. Fikiria mfereji mrefu wenye milango kadhaa, na kwenye kila mlango chumvi hurudishwa ndani. Chumvi ikirudi, maji huifuata.

Mlango wa kwanza hurudisha sehemu kubwa zaidi, kama theluthi mbili ya chumvi iliyochujwa. Wa pili hurudisha karibu robo, na huu ndio unaofungwa na furosemidi. Wa tatu hurudisha kiasi kidogo, kati ya asilimia 5 na 10, nao hufungwa na hidroklorothiazidi. Mlango wa mwisho husimamiwa na homoni iitwayo aldosteroni, ambayo spironolaktoni huizuia. Asetazolamidi hufanya kazi kwenye mlango wa kwanza.

Mtu akitumia furosemidi kwa muda mrefu, chumvi nyingi hupita mlango wa pili na kufika wa tatu. Figo huzoea. Sehemu hiyo ya tatu hukua na kuanza kurudisha chumvi nyingi kuliko zamani. Mgonjwa anameza dawa ile ile kwa dozi ile ile, lakini miguu inavimba tena. Hapo ndipo daktari, baada ya kuongeza dozi ya furosemidi bila mafanikio, hufunga mlango wa tatu kwa dawa ya pili. Milango miwili ikifungwa pamoja, mkojo unaweza kuongezeka sana.

Lakini kabla ya kuongeza dawa, daktari mzuri hukuuliza maswali. Je, unameza dawa kila siku? Chakula chako kina chumvi kiasi gani? Unatumia dawa gani za maumivu? Jibu ukweli. Mara nyingi tatizo hupatikana hapo, na dawa ya pili haihitajiki.

Wakati mwingine kidonge hakifanyi kazi kwa sababu utumbo nao umevimba na haunyonyi dawa vizuri. Mgonjwa wa namna hiyo hulazwa na kupewa furosemidi kwa sindano ya mshipa. Wauguzi hupima mkojo wake katika saa za kwanza, ili kuamua mapema kama dozi iongezwe au dawa nyingine iunganishwe. Wakikuomba ukojoe kwenye chombo maalum, usimwage. Kipimo hicho ndicho kinachoongoza tiba.

Utafiti unasema nini?

Spironolaktoni ina ushahidi wenye nguvu zaidi. Utafiti wa RALES, uliochapishwa mwaka 1999, ulihusisha wagonjwa 1,663 wenye hali mbaya ya moyo. Waliopewa spironolaktoni pamoja na dawa zao za kawaida walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 30 ikilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo ukiona kidonge hiki hakikukojoshi sana, usikiache. Kinafanya kazi nyingine.

Kwa dawa nyingine, picha ni tofauti. Nchini Ubelgiji, utafiti wa ADVOR ulichapishwa mwaka 2022 ukiwa na wagonjwa 519 waliolazwa. Waliongezewa asetazolamidi kwa sindano juu ya furosemidi au dawa ya jamii yake. Baada ya siku 3, maji yalikuwa yamekwisha vizuri kwa asilimia 42 yao, dhidi ya asilimia 30 kwa ambao hawakuongezewa. Nchini Hispania, utafiti wa CLOROTIC wenye wagonjwa 230 uliongeza hidroklorothiazidi. Baada ya saa 72, walioongezewa walipungua kilo 2.3 kwa wastani, na wenzao kilo 1.5. Lakini kazi ya figo ilishuka kwa asilimia 46 ya walioongezewa, dhidi ya asilimia 17 ya wenzao.

Tafiti hizi mbili za mwisho zilionyesha kwamba dawa ya pili hutoa maji zaidi. Hazikuonyesha kwamba inapunguza vifo. Na wagonjwa wale walikuwa hospitalini, wakipimwa damu kila mara. Mtu anayejiongezea dawa nyumbani anabeba hatari ile ile bila kipimo chochote.

Hatari zake ni zipi?

Potasiamu kushuka. Furosemidi na hidroklorothiazidi zote hutoa potasiamu kwenye mkojo. Ikishuka sana, misuli hulegea au kukaza, na moyo unaweza kupiga ovyo. Hatari ni kubwa zaidi kwa anayetumia dawa ya moyo iitwayo digoksini. Kichefuchefu, kukosa hamu ya kula au kuona vitu vikiwa na rangi ya manjano ni dalili za kumwambia daktari siku hiyo hiyo.

Potasiamu kupanda. Spironolaktoni hufanya kinyume, hasa ikitumiwa pamoja na enalaprili au losartani, au kwa mtu mwenye figo dhaifu. Hali hii inaweza kusimamisha moyo bila dalili za mapema. Kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrin, nayo hupandisha potasiamu. Ukipewa Septrin kwa sababu yoyote, mweleze anayekupa kwamba unatumia spironolaktoni.

Sodiamu kushuka. Mgonjwa huchanganyikiwa, huumwa kichwa au huwa na usingizi usio wa kawaida. Familia ndiyo huiona kwanza.

Kukauka maji na figo kuchoka. Kizunguzungu ukisimama, kinywa kikavu, mkojo kidogo wenye rangi nzito.

Mengine. Dawa za kutoa maji zinaweza kuleta gauti, yaani maumivu makali ya kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Hidroklorothiazidi inaweza kupandisha sukari. Spironolaktoni inaweza kuvimbisha matiti kwa wanaume. Usione haya kusema, kwani daktari anaweza kukubadilishia dawa.

Nipimwe damu lini?

Uliza siku ile ile unapopewa dawa ya pili: "Nirudi lini kupima potasiamu na figo?" Anayeongezewa hidroklorothiazidi au metolazoni juu ya furosemidi kwa kawaida hutakiwa kupimwa ndani ya siku chache. Anayeanza spironolaktoni hupimwa baada ya wiki 1 hivi, tena baada ya wiki 4, kisha kila baada ya miezi kadhaa.

Vituo vingi vidogo havina mashine ya kipimo hiki. Ikiwa kituo chako hakina, omba rufaa ya kwenda hospitali inayopima, au uliza kama sampuli ya damu inaweza kupelekwa huko. Una haki ya kuuliza. Majibu yakitoka, yaandikwe kwenye daftari lako la kliniki pamoja na tarehe.

Jinsi ya kuishi na dawa hizi kila siku

Pima uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mizani huona maji kabla ya macho. Pima asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi zile zile. Andika. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, nenda kituoni hata kama hujisikii vibaya. Ukipungua chini ya uzito uliopangiwa na daktari, nenda pia, kwani huenda dawa imezidi.

Kama huna mizani, muulize mhudumu wa afya ya jamii kama unaweza kupimwa kituoni mara kadhaa kwa wiki. Nyumbani, kila asubuhi bonyeza mfupa wa mbele wa mguu kwa kidole kwa sekunde chache, uone kama shimo linabaki. Zungusha uzi kwenye kifundo cha mguu, uweke alama, na ulinganishe kesho yake. Angalia pia unalala na mito mingapi.

Panga saa. Meza dawa asubuhi. Kama umepangiwa dozi ya pili, imeze mapema mchana, ili usiamke usiku kwenda choo cha mbali gizani. Kwa wanawake na wazee hili ni suala la usalama pia.

Siku ya mgao wa chakula au ya safari usiruke dozi kwa kuogopa foleni isiyo na choo. Muulize daktari mapema kama siku hiyo unaweza kumeza ukisharudi nyumbani. Kuchelewesha kwa saa chache ni bora kuliko kuacha. Lakini usimeze dozi mbili kwa pamoja ili kufidia.

Punguza chumvi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa ni gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, kikijumlisha chumvi yote iliyomo kwenye chakula. Chumvi hujificha kwenye samaki wa kukaushwa kwa chumvi, vidonge vya mchuzi na viungo vya paketi. Magadi ya kulainishia maharage nayo yana sodiamu nyingi. Loweka maharage usiku kucha badala yake, na loweka samaki wa chumvi na kumwaga maji kabla ya kupika. Ndimu, vitunguu, tangawizi na nyanya huongeza ladha bila chumvi. Familia ikipika chungu kimoja, mtolee mgonjwa chakula chake kabla ya kutia chumvi.

Epuka baadhi ya dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambayo wengi huiita Brufen, huzifanya figo zishikilie maji na huziua nguvu dawa za kutoa maji. Ukiumwa kichwa au mgongo, uliza kuhusu parasetamoli. Mweleze muuzaji wa duka la dawa kwamba una ugonjwa wa moyo kabla hajakupa chochote. Taja pia dawa za mitishamba unazotumia.

Ukiharisha, ukitapika au ukipata homa kali, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Unapoteza maji kwa njia mbili, na daktari anaweza kusimamisha dawa kwa muda. Usikatae maji ya chumvichumvi, yaani ORS, kwa kuogopa chumvi. Kipindupindu huua haraka. Waeleze tu kwamba una ugonjwa wa moyo.

Ukiwa mjamzito, unanyonyesha au unapanga kupata mtoto, sema mapema, kwa sababu baadhi ya dawa hizi hazifai. Anayetaka kufunga Ramadhani naye azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Dawa zikiisha kituoni nifanye nini?

Usisubiri kidonge cha mwisho. Rudi ukiwa bado na dozi za angalau wiki moja. Ukiambiwa dawa moja haipo, uliza maswali matatu: niendelee na ile nyingine peke yake? Kuna kituo gani cha karibu chenye dawa? Nirudi lini?

Usiazime kwa jirani. Kidonge kilichomsaidia yeye kinaweza kuwa na nguvu tofauti, na figo zako si zake. Ukipanga kuhama kwenda makazi mengine au nchi nyingine, omba barua yenye majina ya dawa, dozi na majibu ya mwisho ya damu. Beba dawa kwenye mkoba unaokaa nao, usiziweke kwenye mizigo.

Nenda hospitali mara moja ukiona:

- unakosa pumzi hata ukiwa umekaa, au huwezi kumaliza sentensi;
- unakohoa povu jeupe au la rangi ya waridi;
- umezimia, au moyo unapiga haraka sana au ovyo;
- maumivu makali ya kifua;
- umechanganyikiwa, au misuli imelegea ghafla;
- hujakojoa, au umekojoa kidogo sana, tangu jana.

Usiku wa manane pia ni wakati wa kwenda. Mweke mgonjwa akae kitako na miguu ikining'inia, usimlaze chali, na mtafute mhudumu wa afya ya jamii au jirani mwenye usafiri. Beba daftari la kliniki na paketi zote za dawa. Daktari wa zamu akijua ni dawa zipi umemeza na saa ngapi, atajua haraka ni mlango upi bado haujafungwa, na upi umefungwa kupita kiasi.